Cahors si rangi, acheni kuuza weusi

Karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa chupa nyingi za Cahors, mvinyo wa kusini magharibi mwa Ufaransa, siku hizi inakuambia mambo matatu: mvinyo huu ni mweusi, ni mzito, na ni wa Malbec, jina la aina ya zabibu. Basi. Hakuna neno juu ya mto Lot, hakuna neno juu ya changarawe wala chokaa, hakuna anayekwambia kama mizabibu imeota bondeni karibu na maji au juu kwenye uwanda wa mawe, kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mnunuzi anatoka dukani akiamini amenunua rangi. Linaniudhi jambo hilo, na linaniudhi zaidi kwa kuwa wanaoandika karatasi hizo ni wenye Cahors yao, watu wenye haki kuliko wote ya kusema lililo bora.

Huo weusi wanaojivunia una asili yake, na asili hiyo ni dhuluma.

Tazama ramani ya kusini magharibi mwa Ufaransa. Mji wa Cahors umekaa ndani ya kona ya mto Lot, maji yameuzunguka pande tatu. Lot unateremka kuelekea magharibi kwa mizingo mikubwa, unapita Parnac, Luzech, Albas, Puy-l'Évêque, kisha unaingia Garonne, na Garonne inapita mji wa bandari wa Bordeaux kabla ya kufika baharini. Mapipa ya mvinyo hayakuwa na njia nyingine ya maana. Yalipakiwa kwenye mashua bapa na kushushwa na mto, na mlango wa kutokea baharini ulikuwa mikononi mwa Bordeaux. Mwaka 1152 Aliénor, mtawala wa Aquitaine, eneo lenye Bordeaux ndani yake, alipoolewa na Henri Plantagenêt, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza, soko la Waingereza lilifunguka kwa eneo lote, na mvinyo wa juu ya mto ulipata wapenzi wake huko. Wafanyabiashara wa Bordeaux hawakulipenda hilo. Wakaomba upendeleo kwa wafalme wa Uingereza, wakapewa, na hata baada ya Wafaransa kuutwaa tena mji huo mwaka 1453 waliendelea kuushikilia upendeleo wao. Mvinyo wa bara haukuruhusiwa kuingia sokoni mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, na baadaye mpaka Krismasi.

Kwa mtu wa leo, kusubiri wiki chache si kitu. Lakini enzi hizo mvinyo haukuwekwa kwenye chupa yenye kizibo. Ulikaa ndani ya pipa, ukila hewa kidogo kidogo, na joto la kiangazi lilipofika uliweza kugeuka siki. Mvinyo mpya ndio uliokuwa na bei. Meli za kaskazini zilikuja majira ya vuli, zikapakia, zikaondoka. Aliyefika na mapipa yake baada ya Krismasi alikuta gati tupu na bei imeanguka. Mambo yalikwenda hivyo kwa karne nyingi, hadi Turgot, waziri wa Louis XVI, alipouvunja upendeleo huo mwaka 1776.

Mkulima wa Cahors angefanya nini? Alitengeneza mvinyo wa kuhimili kusubiri, na mvinyo ambao Bordeaux yenyewe ingeuhitaji. Sehemu ya maji ya zabibu ilipashwa moto mpaka ikapungua na kuwa nzito, na mara nyingine iliongezwa pombe kali. Mvinyo huo mweusi ulinunuliwa kwa ajili ya kuchanganywa na mvinyo hafifu wa Bordeaux katika miaka ya mvua, ili uonekane na mwili. Ulikuwa kiungo, kama bizari kwenye mchuzi wa mtu mwingine. Jina lake lilifika mbali hata hivyo: mvinyo mtamu wa ibada katika Kanisa la Orthodoksi la Urusi unaitwa Kagor mpaka leo, na jina hilo limetokana na Cahors. Lakini mwenye shamba kando ya Lot anapoandika "mweusi" kwenye chupa yake kama sifa ya kwanza, anajitambulisha kwa kazi aliyolazimishwa babu yake.

Sasa tuje kwenye zabibu yenyewe, maana hapa ndipo hoja ya rangi inapovunjika kabisa. Chukua punje moja ya Malbec iliyoiva, ibane kati ya vidole. Maji yatakayotoka ni meupe, karibu kama ya zabibu ya kijani. Rangi yote iko kwenye ganda. Kwa hiyo weusi wa mvinyo ni uamuzi wa mtengenezaji: maganda yamekaa siku ngapi kwenye maji yake, kwa joto gani, na yamesumbuliwa mara ngapi. Ganda la Malbec lina rangi nyingi na huitoa upesi, katika siku chache za mwanzo, wakati tangi bado lina sukari nyingi na pombe kidogo. Tanini za mbegu, yaani ule ukali unaokausha mdomo, huja baadaye, kwa sababu pombe ndiyo inayoziyeyusha. Anayejua kazi yake huuzungusha mvinyo kwa pampu kwa bidii mwanzoni, joto likiwa nyuzi 26 hadi 28, kisha pombe inapopanda anapunguza mkono. Baada ya hapo maganda yanaweza kulowa wiki mbili au tatu zaidi bila kusumbuliwa, huku akionja kila siku.

Anayefukuza weusi hafanyi hivyo. Anaacha joto lipande zaidi ya nyuzi 30, anaendelea kupiga pampu mara mbili tatu kwa siku hadi mwisho, anakamua maganda kwa nguvu na kurudisha maji ya mkamuo wa mwisho, halafu anaujaza mvinyo kwenye mapipa mapya ya lita 225 kwa miezi 18 au 24. Rangi haikuongezeka, maana ilikwisha kutoka. Alichoongeza ni ukali wa mbegu na vumbi la mbao. Onja mvinyo huo: mbele ni kahawa na vanila, nyuma ni mdomo mkavu kama umekunywa chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Watu wakionja chupa mbili za namna hiyo wanasema Cahors ni mvinyo mgumu, na wana haki ya kusema hivyo. Kosa jingine huanza shambani: kuchuma kwa kuangalia sukari tu. Sukari inaweza kuwa tayari na mbegu bado ni za kijani. Pasua punje kumi za safu tofauti, toa mbegu, zitafune. Zikiwa za kahawia na zinavunjika kama karanga iliyokaangwa, chuma. Zikiwa za kijani na zinauma ulimi, ngoja, hata kama jirani yako amemaliza.

Ardhi ndiyo inayostahili hiyo karatasi ya nyuma ya chupa.

Mto Lot, kwa muda mrefu sana, umechimba bonde lake na kuacha ngazi. Ngazi ya kwanza, karibu na maji, ni tope jipya la mto, lenye kina na rutuba. Mzabibu hapo hukua kwa furaha kupita kiasi, majani mengi, mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Ngazi ya pili ina mchanga na changarawe juu ya udongo wa mfinyanzi. Mvinyo wake ni laini, wa matunda meusi yaliyoiva. Ngazi ya tatu, juu zaidi, ina mawe ya mviringo yaliyoachwa na mto wa kale, udongo wa mfinyanzi wenye chuma, na mara nyingine vipande vya chokaa vilivyoporomoka kutoka kwenye miteremko. Mawe hayo hushika joto la mchana na maji hayatuami. Mvinyo wa ngazi ya tatu una upana: unajaza mdomo, tanini zake ni za mviringo, na unaweza kukaa chupani miaka 15 bila wasiwasi.

Halafu kuna uwanda wa juu, wenyeji wanauita causse. Hapo mto haukuwahi kuweka kitu. Ni chokaa tupu, ya enzi ile ile ya miamba, Kimmeridge, inayotajwa na wapenzi wa Chablis, mvinyo mweupe wa Ufaransa, na juu yake tabaka jembamba la udongo mwekundu au mweupe, mahali pengine halifiki hata kina cha sentimita 30. Mizizi inaingia kwenye nyufa za mwamba kutafuta maji. Usiku kuna baridi kuliko bondeni, kwa hiyo zabibu huiva kwa kuchelewa, na uchachu wake haupotei. Mvinyo wa causse umesimama wima. Una harufu ya urujuani na zambarau mbichi, tanini zake ni kama unga wa chaki kwenye fizi, na mwisho wake ni mrefu na wenye chumvichumvi. Mimina huo na ule wa ngazi ya tatu katika glasi mbili zinazofuatana, mzabibu mmoja, mwaka mmoja, fundi mmoja, na mtu asiyejua lolote juu ya mvinyo atakuambia ni vitu viwili. Rangi zao hazitamsaidia.

Ndiyo maana nasema sheria ya Cahors imeishia njiani. Inataka mvinyo uwe mwekundu tu, inataka Malbec isipungue asilimia 70, inaruhusu zabibu za Merlot na Tannat kwenye sehemu iliyobaki. Vizuri. Lakini inaweka bonde na uwanda chini ya jina moja bila kumlazimu mtu kusema chupa imetoka wapi. Baadhi ya wakulima wanaandika udongo wao kwa hiari, na heshima yao wanaipata. Iwe wajibu kwa wote: ngazi ya pili, ngazi ya tatu, causse, mbele ya chupa, kwa herufi zinazosomeka. Mchanganyiko usemwe kuwa mchanganyiko. Hakuna aibu ndani yake. Merlot kidogo husaidia miaka ya baridi, na isitoshe ni ndugu wa Malbec, mama yao mmoja, zabibu iitwayo Magdeleine Noire des Charentes.

Kuhusu Argentina, nitakiri kwa shingo upande: bila Mendoza, jimbo lake la mizabibu, walio wengi duniani wasingelijua neno Malbec. Michel Aimé Pouget, Mfaransa, alipeleka vipandikizi huko mwaka 1853, na kule juu, penye jua na ukavu, vikastawi. Ila Cahors haiwezi kushindana kwa kuiga jua la mtu.

Na isisahauliwe jinsi ilivyokaribia kufa. Filoksera, mdudu mdogo wa mizabibu, ilikula mizizi katika miaka ya 1870. Mizabibu ilipounganishwa kwenye mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo, Malbec iligoma: shina lenye nguvu nyingi husukuma majani, na maua ya Malbec yakipata mvua na baridi mwezi Juni hupukutika bila kushika punje. Shada linabaki na punje chache kama mdomo uliong'oka meno. Wakulima wengi wakaiacha, wakapanda zabibu chotara za kuzaa sana. Ushirika wa Parnac ulianzishwa mwaka 1947 na kuanza kurudisha miche bora, daraja la kisheria la VDQS likapatikana mwaka 1951, kisha Februari 1956 jalidi ikaua karibu kila kitu. Mashamba yakapandwa upya takriban yote, safari hii Malbec ikapewa nafasi yake, na daraja la AOC, lililo juu ya VDQS, likaja mwaka 1971. Walioanza tena baada ya 1956 walipanda zaidi bondeni, kwenye kazi rahisi. Causse ilirudi polepole. Malbec pia huchipua mapema, na jalidi ya Aprili 2017 na ya Aprili 2021 ilichoma machipukizi ya watu wengi. Hewa baridi ni nzito, hutuama chini, kwa hiyo ngazi za chini ziko hatarini kwanza. Watu waliopitia hayo yote bado wanaandika "mweusi" kwenye chupa. Inauma.

Ukiwa na chupa nyumbani, iwe Mombasa au Montréal, usiinywe kwa joto la chumba kama chumba chenyewe kina nyuzi 28. Joto hilo linainua pombe puani na kuficha kila kitu. Iweke kwenye friji mpaka ifike nyuzi 16 au 17. Chupa changa, chini ya miaka mitano, imimine kwenye jagi pana saa moja na nusu kabla ya chakula. Ya zamani, zaidi ya miaka 15, isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatulie, ifungue wakati wa kula, uimimine taratibu. Kwao mvinyo huu hunywewa pamoja na bata aliyepikwa polepole katika mafuta yake, au mwanakondoo wa Quercy, eneo hilo hilo la Cahors. Nyama yoyote yenye mafuta na chumvi ya kutosha itafaa, kwa sababu mafuta na protini ndivyo vinavyolainisha tanini.

Ukiweza, nunua mbili za mkulima mmoja, moja ya ngazi ya tatu na moja ya causse. Zimimine wakati mmoja, kila moja katika glasi yake, uziache saa nzima. Ya bonde itakuwa imeshafunguka, harufu ya plamu imetanda. Ya causse itakuwa bado imefumba. Irudie wakati sahani zinaondolewa mezani, pua karibu na ukingo wa glasi: urujuani utakuwa umeanza kutoka.