Mjomba Mwenye Mkono wa Birika na Ahadi ya Milioni Sita

Mjomba wetu ana mkono wa birika. Nalisema kwa heshima zote, na yeye mwenyewe analijua. Kwenye harusi ya dada yangu alileta zawadi ya sahani sita, na baadaye mama akazitambua: zilikuwa zetu. Kwa hiyo siku ile mwenyekiti wa kamati aliposimama kwenye kikao pale Sinza, akakohoa, akatangaza kwamba kinara wa ahadi ni mjomba, shilingi 6,430,000, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua kwamba kuna kitu kimeharibika. Na kilichoharibika nilikiandika mimi.

Binamu yangu alikuwa anaoa. Shangazi, ambaye ndiye mhazini, alishaanza kuandika ahadi kwenye kaunta buku lake. Mimi kwa kiherehere changu nikasema zama za daftari zimepita, niachieni, nawatengenezea tovuti. PHP ya kuandikia kurasa, MySQL ya kutunzia data: jina, namba ya simu, ahadi, basi. Namba ya simu niliifanya kitambulisho cha mchangiaji, maana majina kwetu ni mtihani. Mtu mmoja huyohuyo ni Mama Fulani kwa majirani, Dada wa Saluni kwa wengine, na jina la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua. Nikaweka sharti kwamba namba isijirudie. Ikiingizwa namba ambayo tayari imo, jina libadilishwe liwe hili jipya na ahadi ijumlishwe na ile ya zamani. Ukiahidi elfu hamsini leo, kesho ukaongeza thelathini, unasomeka themanini. Nilijiona fundi kwelikweli.

Nikajaribu kwenye laptopu, safi. Sifuri ya mwanzo ya kila namba ilikuwa inamezwa, kwa sababu safu ya simu niliipa aina ya INT, yaani namba kamili ya kuhesabia, na kwa INT sifuri ya mbele si kitu. Sikujali. Aliyejali ni mtambo wa kutuma SMS, uliotaka namba zianze na 255, namba ya nchi yetu. Basi usiku wa kuamkia kikao nikaongeza mstari mmoja wa kugeuza sifuri kuwa 255, nikapandisha mafaili kwenye seva bila kujaribu tena.

Ukurasa ukafunguka umejaa maonyo ya "headers already sent". Wanaoandika PHP wanaujua ugonjwa huu: mstari mmoja mtupu mwisho wa faili, baada ya alama ya kufungia, unatosha kukukosesha usingizi. Niliutafuta saa nzima. Nilipochoka nikaandika error_reporting(0), amri ya kunyamazisha maonyo yote, kukawa shwari. Nikalala kama mtu aliyetengeneza kitu.

Asubuhi shangazi akasoma kaunta buku, binti yake akaingiza majina. Jumla ikalingana na ya daftari, na hapo ndipo wote tulipolewa sifa. Ukurasa wa mbele nilikuwa nimeuwekea vitu viwili tu, kwa maandishi makubwa: jumla ya ahadi, na jina la kinara. Mjomba aliingia kikaoni wa mwisho, wakati nyama inakatwa. Akaandikisha elfu ishirini, wa arobaini na moja.

Dakika tano baadaye mwenyekiti akafungua simu yake, akasoma.

Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi zenyewe. Shangazi alimtandikia kaka yake khanga chini apite juu yake. Mjomba akaletewa kiti chenye mto na sinia la nyama peke yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua, lakini mkono ulikuwa unakwenda kwenye nyama. Alipopata upenyo akanivuta pembeni.

"Mjomba, umeniandikia nini humo?"

"Shikamoo mjomba. Nitaangalia."

"Angalia leo."

Usiku nikafungua phpMyAdmin, dirisha la kuchungulia data iliyomo kwenye MySQL. Badala ya wachangiaji 41 nikakuta mstari mmoja. Jina la mjomba, ahadi 6,430,000, simu 2147483647. Nikaitazama namba ile mpaka macho yakauma. Nikaipiga. Msiniulize kwa nini, ilikuwa saa nane za usiku. Hata ukiweka alama ya kujumlisha mbele haiendi popote: 213 ni Algeria, 216 ni Tunisia, 214 haina mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka INT. INT ya MySQL ina biti 32, moja inaenda kwenye alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na kikomo chake ni hicho hicho 2,147,483,647. Namba ya 712 na kuendelea, bila sifuri, inaenea bila tabu. Ukiitanguliza 255 inakuwa bilioni mia mbili hamsini na kitu. Toleo la 5.7, la mwaka 2015, lilikuja na ukali ukiwa umewashwa tayari: data isiyoenea inakataliwa. Lakini mwenye seva yetu ya kukodi alikuwa ameuzima ukali huo, na MySQL isiyo kali ina adabu za muuza nafaka aliyechoka: unamletea gunia, anajaza debe lake, anaandika "debe moja", kinachobaki anakifagia. Onyo hutoa, ila mpaka uliulize, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo watu wote 41 walikuwa na simu moja. Kila aliyeingia alimvua aliyetangulia jina na kurithi mzigo wake, na mjomba, kwa kuchelewa kwake, akarithi ukoo mzima.

Marekebisho yenyewe yalichukua dakika mbili: safu ikawa VARCHAR(15), aina ya maandishi. Namba ya simu ni maandishi tu. Nani amewahi kujumlisha simu ya shemeji na ya jirani? Kazi ilikuwa majina. Arobaini yalikuwa yamefutika, yamebaki kwenye kaunta buku. Shangazi alinisomea moja baada ya jingine, polepole kuliko ilivyohitajika, na kila baada ya majina matano aliuliza, "Zama za nini vile zimepita?"

Mjomba nilimfuata kwake kumweleza. Nilimchorea hadi debe. Alisikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwake, akauliza kama ahadi za watu wote zilikuwa zinahesabiwa kwake. Nikasema ndiyo. Akaangalia mlangoni, akasogeza kiti.

"Na wakianza kulipa, malipo yao nayo yangehesabiwa kwangu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa wewe," akaninong'oneza, "umekimbilia kurekebisha nini?"