Msinifiche khabari, bado nipo

Kasha la ami yangu nililikuta ukumbini kwetu limefunikwa kanga, na hivyo ndivyo nilivyojua kama kafariki. Hakuna aliyeniambia. Nimeshuka boti Mkoani, Pemba, mwezi wa saba, kusi limechachamaa, nimetapika njia nzima, nimefika Wete magharibi inaadhiniwa, naingia ndani naliona lile kasha la mbao na komeo lake la shaba ambalo siku zote lilikuwa chini ya kitanda chake kule Konde, nikauliza hili limefikaje hapa? Wote kimya. Binti yangu mdogo akainamisha kichwa. Kumbe ami keshazikwa siku kumi na tisa nyuma, khitma ishasomwa, watu washatawanyika, na mie kila nikipiga simu kutoka Dar naambiwa ami hajambo anakusalimia sana.

Nilikaa pale chini na mkoba wangu begani bado. Mume wangu akasema hatukutaka kukupandisha presha, uko kwenye mionzi ya kensa, daktari kasema utulie. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Najua walifanya kwa mapenzi, na hilo nalisema mwanzo kabisa ili nduguzangu wakisoma hapa wasije wakadhani nawasema vibaya. Lakini mwaka 2025 ndo unamalizika na mie kila nikikaa kuupima, hilo ndilo lililoniuma zaidi, kushinda operesheni, kushinda dripu, kushinda nywele.

Ami ndiye aliyenifundisha kusoma. Sio skuli, skuli nilikwenda nishajua. Alikuwa akianika karafuu uani kwake, mie nakaa juu ya jamvi nachambua, makonyo huku karafuu kule, na yeye ananisomea, akifika pahala patamu ananipa kitabu anasema endelea wewe. Hivyo ndivyo nilivyokisoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kitabu kilitoka 1960, na mie mpaka leo Bwana Msa, yule mpelelezi wa kitabuni, na kiko chake namuona kama mtu niliyewahi kukutana naye barazani. Nakala ya ami haina jalada, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na ukiifunua inanuka karafuu. Imo humo kashani. Ndani yake nimekuta risiti ya zamani ya kuuzia karafuu kaiweka kama alama, ukurasa wa katikati, nadhani alikuwa anakirudia tena.

Nirudi nyuma kidogo. Kivimbe nilikigundua mvua za vuli za 2023, titi la kushoto, kidogo kama punje ya mbaazi, hakiumi. Nikenda kituo kimoja nikaambiwa ni maziwa yameganda, na mtoto wangu wa mwisho wakati huo ana miaka kumi na moja, maziwa gani? Nikapewa dawa za vidonge nikarudi nyumbani. Nikapewa tena. Mpaka nakuja kuchukuliwa kinyama kikapimwa ni miezi minane ishapita na punje ishakuwa kama kungu. Wanawake wenzangu, kivimbe kisichouma ndicho cha kukimbilia, tumezoea kudhani kitu kisipouma basi si kitu.

Sasa na mie nikafanya nini? Nikamficha mama. Miezi minne sikumwambia. Nikajipa sababu zile zile, mtu mzima, ana sukari, atashtuka. Siku nilipojikaza nikamwambia, usiku kabla ya safari ya operesheni, aliendelea kukuna nazi hakusimama hata kidogo, akasema "mie nilijua tokea ulipoanza kujitwika ndoo kwa mkono mmoja." Miezi minne mama yangu kajua peke yake, kalala nalo peke yake, na hawezi kuniuliza kwa sababu mie sijamwambia. Nilidhani nampunguzia mzigo kumbe nimembebesha na nimemfunga mdomo juu yake. Ndo maana naposema kuhusu kufichana siwanyoshei kidole wengine, nimekaa pande zote mbili za mlango.

Ngoja niseme na upande mwengine, yule anayeambiwa. Desemba ya mwaka jana naanza kemo, ile dripu ya dawa za kensa, kila baada ya siku 21, mara sita. Mara ya kwanza muuguzi alikuja akakaa pembeni ya kitanda akaniambia dada, hii dawa nyekundu inaitwa doksorubisini, ukenda haja ndogo utaona mkojo mwekundu, usiogope sio damu ni dawa yenyewe inatoka. Nywele zitatoka wiki ya pili au ya tatu. Mdomo utakuwa kama umenyonya msumari. Kila alichokisema kikatokea, na kila kilipotokea nikasema aah, hiki nishaambiwa. Mkojo mwekundu niliuona usiku wa manane, peke yangu, na sikuogopa. Fikiria ningekuwa sijaambiwa, ningepiga kelele mtaa mzima ungeamka. Yule muuguzi alitumia dakika tano tu na kwangu zilikuwa na faida kuliko chochote nilicholetewa mwaka mzima, na nililetewa mengi jamani, habasoda, asali, majani ya mstafeli magunia, kila anayekuja ana jani lake na anasisitiza niache dripu. Nashukuru kwa kuja. Majani sikuyatumia, nilimuuliza daktari kwanza na akanambia nisichanganye.

Kemo ya mwisho ikaangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, mwezi wa tatu. Sikufunga. Na hapa kuna jambo nimelibeba kifuani mpaka leo nalitoa. Wanaojua fiqhi wanajua, mgonjwa anayetarajiwa kupona anakula halafu akipona analipa siku zake, na yule ambaye hatarajiwi tena kupona ndiye anayetolewa fidia, kibaba kwa kila siku apewe maskini. Siku moja nimelala chumbani, mlango umerudishwa haukufungwa, nasikia mchele unamiminwa. Nikainuka nikachungulia, mama na wifi yangu wanapima, kibaba, kibaba, kibaba, wanahesabu kwa kunong'ona, wanatia kwenye mfuko. Nikauliza ya nini? Wifi akasema aah, sadaka tu. Lakini mie sauti ya hesabu niliisikia. Walikuwa wanahesabu siku zangu. Nikarudi kitandani nikageukia ukutani.

Sijui nani alimuuliza nani na akajibiwa nini, labda hawakuuliza kabisa. Ila mie nilikuwa sijaulizwa, na daktari wangu hakuwahi kusema kama sina matumaini, alisema kensa yangu ina vipokezi vya homoni, yaani inakuzwa na homoni za mwili, na kuna dawa yake. Nyumba nzima ishapitisha hukumu kimya kimya kwa kipimo cha mchele, na mwenye mwili yupo chumba cha pili. Hasira ile ilinipa nguvu ya kula uji siku hiyo, nasema kweli. Kesho yake nikamwambia mama, mchele mpeni maskini ni kheri, lakini siku zangu ntalipa mwenyewe.

Mwezi wa sita nikavuka kwenda Dar, hospitali ya kensa ya Ocean Road, mionzi mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano. Nilifikia kwa mtoto wa mamkubwa Temeke, alfajiri daladala, mabenchi pale yanajaa mapema. Wanakuchora kifuani kwa wino alama za kupigia mionzi na unaambiwa usisugue, kwa hiyo naoga nusu nusu kama mtoto. Mionzi yenyewe dakika chache tu, kinachochosha ni kungoja, na ukitoka nje unaiona bahari, ile ile inayofika kwetu. Hilo jengo la kale lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890 na mie nilikuwa naliangalia najiuliza watu wangapi wamekaa hapa wakangoja kama hivi.

Kwenye yale mabenchi ndo nilipoisoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwenzetu wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi 2021, na Ida Hadjivayanis akaitia Kiswahili ikatoka 2022. Nimeisoma kwa lugha yangu, hospitali, na nakwambieni kile kitabu kilinikamata koo. Kuna kijana anaitwa Yusuf, anapandishwa treni aende na tajiri anayemwita ami, anadhani anakwenda kutembea, kumbe babake kamuweka rehani kwa deni, na hakuna aliyemwambia. Si baba, si mama. Anakuja kuambiwa na kijana mwenzake dukani, yule sio ami yako. Nilifunga kitabu pale nikakiweka mapajani. Mama mmoja wa Tanga jirani yangu benchini akaniuliza kina nini hicho kitabu mpaka umebadilika uso? Nikamsimulia. Akanyamaza, halafu akasema, "mie wanangu wamewaambia watu nina vidonda vya tumbo." Akaendelea kujifunga mtandio wake vizuri. Tokea siku ile kila asubuhi akija ananiuliza Yusuf kafika wapi, na mie namsimulia nilipofika, tukaenda nacho hivyo hivyo mpaka mwisho, yeye hajasoma hata ukurasa na najua anakijua kuliko waliokisoma.

Na wakati mie namsikitikia Yusuf kwa kutoambiwa, ami yangu mwenyewe yuko kaburini Konde.

Kwetu tunasema "maradhi yale", "maradhi mabaya", jina hatulitaji kana kwamba likisikika litaingia nyumba ya pili. Binti yangu ana miaka kumi na tatu, alichanjwa skuli chanjo ya kensa ya mlango wa kizazi, siku hizi Tanzania wanatoa sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Karudi usiku tunakula akauliza kwa sauti, hii ndo kensa ya mama? Mezani kila mtu akamshukia, nyamaza, kula. Mtoto kauliza swali zuri kabisa. Nikamwambia hapana, ile ni nyengine, ya mama ilikuwa ya titi na haina chanjo, na wewe ukishakuwa mkubwa utajikagua kila mwezi na utawaambia madaktari kama mama yako aliumwa. Akauliza itarudi? Nikamwambia inaweza kurudi, ndo maana nakunywa tamoksifeni, ile dawa ya homoni, kila siku na ntainywa miaka mitano au zaidi, na nakwenda kliniki. Akasema haya, akaomba kachumbari. Watoto wanabeba khabari kuliko sisi tunavyodhani, sisi watu wazima ndo tunaotetemeka.

Naomba nieleweke. Sisemi kila mgonjwa lazima aambiwe kila kitu saa ile ile, wengine wenyewe hawataki, waheshimiwe. Nasema muulizeni. Mie mkono wa kushoto umekuwa ukivimba tokea walipotoa tezi za kwapani, siruhusiwi kupimwa presha mkono huo wala kubeba kizito, sawa, ndoo nimeacha. Lakini kunyimwa ndoo ni kitu kimoja na kunyimwa msiba wangu ni kitu chengine. Nimenyimwa kulia pamoja na wenzangu, nimekosa kumuosha mke wa ami miguu akiwa edani siku za mwanzo, nimekosa kusikia watu wanamtaja. Nilivyokwenda mie Konde, watu washarudi kwenye shughuli zao, msiba wangu nikaulia peke yangu, mjane anapepeta mchele na mie nalia kama kafa leo.

Sasa hivi kaskazi imeshika, baharini pazuri, na usiku binti ananisomea. Tumeanza na kile kitabu kisicho jalada, tena tumeanzia ilipo risiti ya ami, tunamalizia kwanza alichokibakisha yeye halafu ndo turudi mwanzo, hayo ni mawazo ya binti sio yangu. Anakwama kwenye maneno ya zamani, mimi nipo na jamvi langu namwambia maana yake, pale pale alipokuwa ami ndo nilipo mie.

Wiki iliyopita dadangu kapiga simu kutoka Muscat. Tumesalimiana, ameniuliza mkono, nimemwambia umepungua. Halafu akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi, akasema dada nilikuwa sitaki kukwambia lakini nakwambia, mume wangu kaachishwa kazi tokea mwezi wa kumi na hatujui kama tutabaki huku. Akaanza kulia. Na mie nikalia, tukalia pamoja karibu saa nzima, nikampa mawazo yangu, akanibishia, nikambishia. Nilipokata simu ilikuwa karibu na daku. Daktari kashaniruhusu kufunga, Jumatatu na Alkhamisi, na Rajabu ishaingia. Nikala wali wa jana kwa mchuzi wa pweza, nikameza kidonge changu, nikatia niya. Siku ya tisa hiyo.