Ua wa Umeme Kando ya Msitu: Tembo Amefungiwa au Mkulima Amefunguliwa?

Kila kipande kipya cha ua wa umeme kinapokamilika kuuzunguka Mlima Kenya, lawama ile ile hurudi. Tunaambiwa kwamba tunaugeuza msitu kuwa kisiwa, kwamba tembo aliyezoea kutembea masafa marefu anafungiwa kama ng'ombe zizini, na kwamba nchi inayojivunia wanyama wake haipaswi kuwatenga na watu kwa waya. Lawama hiyo ina uzito, na nitaipa nafasi yake. Lakini mara nyingi hutolewa na watu ambao hawajawahi kupoteza hata gunia moja la viazi kwa tembo. Wakipiga hesabu ya hasara za ua, husahau kuhesabu yanayotokea pale ambapo ua haupo.

Kuna takwimu mbili ambazo ni nadra kuziona zimewekwa pamoja. Sensa ya 1989 iliwakuta Wakenya milioni 21.4. Mwaka huo huo Rais Moi alizichoma pembe za ndovu jijini Nairobi, na tembo waliokuwa wamesalia nchini baada ya miaka ya ujangili walikadiriwa kuwa 16,000 hivi. Sensa ya watu ya 2019 ikatupata milioni 47.6, na hesabu ya wanyamapori ya 2021 ikawapata tembo 36,280. Yaani kwa muda wa miaka thelathini hivi watu wameongezeka zaidi ya mara mbili, tembo nao wameongezeka zaidi ya mara mbili, na ardhi haikuongezeka hata shubiri.

Kwenye hotuba za uhifadhi, hesabu ya tembo hutajwa peke yake kama ushindi. Ni ushindi kweli, na mimi naufurahia. Lakini gharama yake haimfikii aliyepiga makofi ukumbini. Inamfikia mwenye ekari mbili za mahindi Kieni, Timau, Laikipia Magharibi au Taita Taveta. Tena mgogoro wa watu na wanyamapori huzungumzwa kama balaa lililoshuka tu kutoka mbinguni, ilhali umetokana na mambo mawili ambayo taifa zima liliyataka: watoto wetu wakue, na tembo wetu wasiishe. Kama tuliyataka sote, sioni kwa nini gharama yake ibebwe na wachache waliobahatika, au waliobahatishwa, kupakana na msitu.

Gharama yenyewe haitazamwi kwa makini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo navyo vimo. Fidia huchelewa, na kila kijiji kinachopakana na msitu kina mtu aliyejaza fomu akangoja mpaka akachoka. Lakini hata ingelipwa kesho yake asubuhi, kuna hasara ambayo haina fomu, nayo ni usingizi.

Mahindi yanapoanza kubeba, mwenye shamba huhamia kwenye kibanda cha miti na nailoni pembeni mwa shamba, yeye au mwanawe mkubwa. Ana moto, tochi, debe tupu na rungu la kulipigia. Tembo mzima hula hadi kilo 150 kwa siku, na mahindi mabichi yana utamu na lishe kuliko nyasi za porini, kwa hiyo akija haji kuonja. Anakuja usiku, na pamoja na ukubwa wake hutembea kwa utulivu ambao huwashangaza wageni. Tawi linapovunjika, debe linapigwa na majirani wanaitikia kwa madebe yao. Wiki ya kwanza tembo hurudi nyuma. Baadaye hujifunza kwamba debe haliumi, akabaki amesimama pale pale akitafuna. Kunapopambazuka, aliyekesha anaelekea kwenye kibarua macho mekundu, mtoto anasinzia darasani, na wengine wanachelewa shuleni kwa sababu mzazi hawezi kuwatoa mpaka ahakikishe njia ni salama. Hali hii huendelea wiki baada ya wiki hadi mavuno, na msimu unaofuata inaanza upya. Hakuna ripoti inayohesabu saa hizo. Zingehesabiwa, nadhani mjadala wa ua ungekuwa na sura nyingine kabisa.

Ndiyo maana historia ya ua wa milima ya Aberdare inafaa kukumbukwa. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa 1988, na kazi ikaanza 1989 kwa lengo dogo: kuwalinda vifaru weusi wa eneo la Salient, upande wa mashariki ambako msitu unagusana na mashamba. Fedha zilichangishwa kwa mashindano ya magari ya Rhino Charge, baadaye serikali ikaongeza mkono wake. Waliopakana na kipande cha kwanza wakaanza kuvuna walichopanda, na waliokuwa mbali nacho wakataka ua uwafikie na wao. Ilichukua miaka ishirini hadi mduara ukakamilika 2009, kama kilomita 400. Ndani yake umo msitu unaolisha mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ambako Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake. Ua uliokusudiwa kumzuia jangili na tembo ukawa pia umemzuia mchoma makaa na mkata miti. Mwaka 2012 kazi ikahamia Mlima Kenya, kwa mpango wa kilomita zipatazo 450.

Kitu chenyewe hakitishi kama jina lake. Kifaa kidogo kinachotumia betri na sola hutuma mpigo wa umeme wa volti elfu kadhaa kwenye waya, takriban mara moja kila sekunde, na kila mpigo ni wa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Anayeugusa hupigwa shoti kali akaruka, lakini ua uliojengwa kwa kanuni haukusudiwi kuua. Adui wake mkubwa ni nyasi. Jani bichi likigusa waya umeme hupotelea ardhini, na ukisimama karibu utasikia mlio mdogo, ta, ta, ta, pale unapovujia. Kwa hiyo kila kipande kina mtu wake, mara nyingi kijana wa kijiji cha jirani, anayetembea kilomita zake kadhaa kila siku akiwa na panga, koleo na kipimo cha volti, akifyeka, akikaza waya na kuondoa matawi yaliyoanguka. Siku mbili asipotokea, ua unageuka kamba za kuanikia nguo, na tembo ndio wa kwanza kujua.

Sasa nije kwa wanaopinga. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote iko Hifadhi ya Taifa ya Mwea, kaunti ya Embu. Ni eneo dogo la kilomita za mraba 42 lililozungushiwa ua, ambalo lilikadiriwa kuweza kubeba tembo wapatao 50. Wakaongezeka hadi wakafika 156. Oktoba 2024 serikali ililazimika kuwalaza kwa dawa na kuwahamisha tembo 50 kwa malori hadi Aberdare. Hifadhi ya Shimba Hills, kule pwani, nayo ilipitia hayo, na 2005 tembo wapatao 150 walipelekwa Tsavo Mashariki. Ukimfungia mnyama anayezaa mahali asipoweza kuhama, na ukamlinda vizuri, tatizo litakuja tu. Tena ukitazama vizuri utaona kwamba tembo wa Mwea walitolewa ndani ya ua mmoja wakaingizwa ndani ya mwingine, ambao ni mkubwa zaidi lakini nao una mwisho. Zamani tembo wa Aberdare na wa Mlima Kenya walikuwa wakitembeleana kupitia tambarare za Nyeri. Leo tambarare hizo ni mashamba na miji.

Pia ni kweli kwamba tembo si mjinga. Pembe hazipitishi umeme, na ndume wakorofi wa Laikipia waligundua hilo zamani: wanaingiza pembe chini ya waya na kuuvuta hadi ukatike, au wanaisukuma nguzo kwa mguu, au wanaangusha mti juu ya ua. Ndume mmoja akijua, wenziwe hujifunza kwake. Ilifikia wakati baadhi yao wakakatwa ncha za pembe ili wasiendelee na uharibifu huo. Vilevile waya wa kawaida ukiibwa hugeuka mtego wa swala. Na kijiji kikipata ua huku cha jirani hakina, tembo hubadilisha tu anwani.

Yote hayo ni kweli, na bado sioni kama yanaangusha hoja ya ua. Yanaangusha ua usio na mpango, jambo ambalo ni tofauti. Ua hautawaunganisha tena tembo wa Aberdare na wenzao wa Mlima Kenya, lakini si ua uliowatenganisha. Ni makazi yetu. Ukiung'oa leo, tembo hawatafika mlimani. Watafika kwenye kabeji za mtu wa Kieni, na pale watakutana na mkuki, sumu au risasi. Anayedhani kwamba kuondoa waya ni kumpa tembo uhuru akumbuke uhuru huo humfikisha wapi. Tembo huuawa na askari wa wanyamapori kwa sababu ya kuvamia mashamba, tena wengine huuawa na wanakijiji kimyakimya.

Kuna njia nyingine zinazopendwa na wanaopinga, na iliyo nzuri kuliko zote ni ua wa nyuki. Kule Sagalla, Taita Taveta, mizinga huning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba, na tembo akigusa waya mizinga yote inatikisika. Utafiti wa miaka mingi wa Lucy King na wenzake umeonyesha kwamba katika misimu ya mazao zaidi ya asilimia 80 ya tembo waliosogelea waligeuka, na mkulima akabaki na asali ya kuuza. Naiunga mkono kwa moyo wote kwa shamba la ekari moja au mbili. Lakini ukame ukija nyuki huhama, kama walivyopungua Sagalla baada ya ukame wa 2017, na kwenye baridi ya ukingo wa msitu wa milimani si kila mahali nyuki watakubali kukaa mwaka mzima.

Jambo la kusisimua ni kwamba Wamarekani wa jimbo la Montana wanautumia ua wa umeme kuwalinda nyuki hao hao, na adui wao ni dubu. Dubu wa aina ya grizli waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria 1975, wakati huo wakiwa mia saba au nane hivi katika majimbo ya bara, ukiondoa Alaska. Leo wanakaribia 2,000, na wameteremka kutoka milimani hadi kwenye mashamba. Wakulima wa kule hawakuzungushia milima yao ua. Wanazungushia mizinga, banda la kuku, zizi la kondoo wanaozaa, yaani kile hasa kinachomvuta mnyama, na kumwacha dubu apite zake pembeni. Dubu akigusa waya kwa pua mara moja, hupoteza hamu ya kuku. Sisi tuna la kujifunza hapo kwa mahali kama Taita na sehemu za Laikipia, ambako tembo na watu hawatenganishwi na mstari mmoja. Huko afadhali kuzungushia kundi la mashamba na ghala la nafaka kuliko kujaribu kuizungushia mbuga.

Msitu wa mlimani ni habari nyingine. Pale mpaka upo tayari, msitu upande huu na shamba upande ule, na ua hauutengi ila unaulinda. Hata hivyo mlango lazima ubaki mahali ambapo njia ya tembo bado iko hai. Mlima Kenya wenyewe umeonyesha linavyowezekana: upande wa kaskazini kuna ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa kilomita 14 unaouunganisha na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa, wenye ua huku na huku, unaopita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Ulipofunguliwa mwanzoni mwa 2011, wengi waliamini tembo hataingia chini ya barabara yenye magari. Waliingia siku za kwanza kabisa, na tangu hapo mamia wamepita. Waya ule ule unaolaumiwa kwa kuwafungia ndio uliowaelekeza njia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yule kijana mwenye panga na koleo. Wafadhili hupenda kugharimia nguzo mpya, kwa sababu nguzo mpya huzinduliwa na kukatwa utepe, lakini mshahara wa anayefyeka nyasi mwaka wa kumi na tano hauna sherehe. Ua uliokufa ni hatari kuliko kutokuwa na ua, kwa kuwa mkulima ameacha kukesha akiutegemea, na tembo amejifunza kwamba waya si kitu. Kaunti zinazopata maji kutoka Aberdare na Mlima Kenya, Nairobi ikiwa ya kwanza, zina kila sababu ya kuuchangia mshahara huo kila mwaka katika bajeti zao, badala ya kuuacha mikononi mwa wahisani. Na kabla mduara wa Mlima Kenya haujafungwa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liwaambie wananchi ni tembo wangapi watakuwemo ndani, na wakizidi watapelekwa wapi, kwa sababu Mwea swali hilo lilijibiwa tembo wakiwa wameshapita mara tatu ya kiwango.