Umaksi, Uislamu na bakuli la kangomba

Huku Uingereza, Mmaksi na Mwislamu wakikaa meza moja, mjadala unaanzia kwa Mungu: yupo au hayupo. Kilichowakutanisha zaidi ni kupinga vita, kama kwenye maandamano ya London ya tarehe 15 Februari 2003. Kwetu Newala, Tandahimba na Nachingwea, kwenye mikorosho ya kusini mwa Tanzania, hakuna haja ya kuanzia mbinguni. Tuanzie kwenye kangomba: kumnunulia mkulima korosho kwa bei ya chini, mara nyingi kabla ya mavuno, na kuzipima kwa bakuli badala ya mizani.

Tuseme mkulima kachukua shilingi 60,000 mwezi wa saba anunue salfa, dawa ya mikorosho, kwa ahadi ya kilo 60 za korosho. Mnada ukifunguliwa kwa shilingi 2,000 kilo, mzigo ule ni 120,000. Na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ukila maua, deni linavuka msimu likiwa limenenepa.

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inaijua biashara ya kulipia mazao kabla ya mavuno. Inaitwa salam, nayo ni halali. Lakini bei hulipwa yote kwenye kikao cha mapatano, uzito na tarehe vijulikane, na mazao yasifungwe kwenye miti ya shamba fulani. Mazao yakikosekana, mnunuzi asubiri au arudishiwe alichotoa, bila nyongeza hata senti. Kangomba inakwenda kinyume, hasa pale bakuli linapokalia kiti cha mizani. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaapiza wapunjaji wa namna hiyo.

Hata hivyo salam haikatazi bei ndogo, na hapo ndipo Marx anahitajika. Katika juzuu ya tatu ya kitabu chake Das Kapital, iliyotoka 1894, anaeleza kwamba mla riba haubadilishi uzalishaji, anaung'ang'ania tu kama kupe. Basi swali linakuwa: kwa nini mwenye mikorosho hana fedha ya salfa mwezi wa saba? Shehe anayesahihisha mkataba bila kuuliza hilo ameiacha kazi nusu. Mmaksi anayeubeza msikiti naye ataongea peke yake.

Faiz Ahmed Faiz, mshairi Mmaksi wa Pakistani, mwaka 1979 alilipa shairi lake jina kutoka aya ya 27 ya sura ya Ar-Rahman, akasema na watu kwa maneno wanayoyajua. Malenga wetu wa kusini wanayo Al-Mutaffifin, waitungie.

Na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zitoe salfa kabla ya dawa kuanza kupulizwa, kwa bei ya kununulia, zikate deni kwenye malipo ya mnada, korosho zikipimwa kilo kwa kilo mbele ya mizani.