Jua Limetusogelea, Tumshitaki Nani?

Yakhe, mie nilisema hili joto la Januari lina mkono wa mtu, mkaniona mzushi. Leo kijana mmoja barazani kasoma kwenye simu yake: mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, kilomita milioni 147 na ushei. Mwanzoni mwa Julai hukaa milioni 152. Milioni 5 nzima zimepunguzwa, na hatukutangaziwa hata msikitini!

Nikaona haki yangu imepatikana. Umeme hakuna, feni linanitazama tu, godoro limerowa jasho. Sasa angalau namjua mkosaji.

Kumbe Maalim yupo. Kasomesha jiografia mpaka kastaafu, lakini kustaafu kwenyewe hakujamfikia.

"Sheikh, masafa si sababu. Mbona Ulaya sasa hivi theluji inawafika magotini, nao wako dunia hii hii?"

Nikamwambia ya Ulaya watajuana wenyewe.

Akachukua kashata yangu. Nasema yangu, nimeilipia. Akaiweka katikati ya sinia, ndiyo jua. Kikombe changu cha kahawa ndiyo dunia. Akakizungusha taratibu: njia ya dunia si duara kamili, imebinywa kidogo, Kepler, mtaalamu wa nyota wa Kijerumani, aliyaandika haya tangu 1609. Masafa yanatofautiana kwa asilimia 3 tu. Mwangaza wa Januari unauzidi wa Julai kwa asilimia 7 hivi, lakini majira hayaletwi na hayo, yanaletwa na mlalo wa dunia, nyuzi 23 na nusu.

Aliposema "mlalo" akakilaza kikombe. Kahawa yote kanzuni, na kanzu yenyewe ya Ijumaa!

"Umeona sasa?"

Nimeona, Maalim. Lakini nyuzi 23 zipi hizo? Kikombe kile kililazwa 90 kamili. Naye wala hakuomba radhi, akaendelea: sisi wa Unguja tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Mara moja isingetosha? Tuliomba sisi? Alipomaliza somo akaliokota jua, akalitafuna mbele ya macho yangu.

Na Julai, jua likiwa mbali kabisa, ndipo wenzetu wa Makunduchi wanapochapana kwa migomba kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Wana haki, hali ya hewa inawaruhusu. Nani atamchapa mwenziwe Januari?

Eti tena Januari ndipo dunia inapokwenda mbio zaidi, kilomita 30 kwa sekunde. Dunia inakimbia hivyo, dala la Mwanakwerekwe halijaondoka! Konda anapiga bati, "Bado mmoja!" Mmoja huyo atakaa wapi, na miguuni mwangu kuna ndoo ya samaki? Nimemuuliza mwenyewe bei ya changu. Kanitazama kanzu, kageuka dirishani.