Nimelipia kumsikia Meryl Streep, si wewe

Jamani, mtu akiketi kutazama Mamma Mia!, ile filamu ya nyimbo ya 2008 ambamo Meryl Streep ndiye mama, anataka nini? Kisiwa cha Ugiriki, bahari ya buluu, binti anayejiandaa kuolewa, na wanaume watatu ambao mmoja wao huenda ndiye baba yake. Raha tupu. Lakini wapi! Lazima pembeni yako awepo mwimbaji. Muziki ukianza tu, ameshadakia. Na maneno hayajui! Kiitikio anakipatia, beti zote ni mmh-mmh na la-la-la, kisha kiitikio kikirudi anapaza sauti kama vile kaajiriwa.

Nyimbo zenyewe ni za ABBA, lile kundi la Sweden, na ni tamu, sikatai. Tangu washinde mashindano ya nyimbo ya Eurovision mwaka 1974 dunia nzima inazijua, kwa hiyo huna haja ya kunithibitishia kwamba na wewe unazijua. Hata Pierce Brosnan, mmoja wa wale wanaume watatu, mle ndani haimbi vizuri (nampenda hivyo hivyo), ila yeye kalipwa aimbe. Wewe umelipa kiingilio kama mimi.

Juzi, pale mama anapomwandaa bintiye kwa harusi, machozi yananilengalenga, jirani kanigusa bega: "Imba basi!"