Huku bata anatazamwa, kwetu anatambuliwa

Huku Uingereza, ukipita kwenye bwawa la bustani ya mji utakuta watu wazima wenye kazi zao wamesimama na darubini wanatazama bata. Tena bata mwitu wa kawaida tu: dume mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa, pete nyeupe shingoni na manyoya yaliyojikunja mkiani. Jike ana rangi ya kahawia yenye madoadoa.

Ubishi huanza akitokea wa sura nyingine, labda mwenye kifua cheupe au mwili mweusi tii. Aina nyingi za bata wa kufugwa zimetokana na huyu wa mwitu, kwa hiyo wa mfugaji akitoroka, wanapandana na rangi zinavurugika. Mimi hunivutia zaidi kiangazi. Dume hunyonyoka, akabaki wa kahawia kama jike, na kwa wiki kadhaa haruki kabisa, maana manyoya makubwa ya mabawa hutoka yote kwa pamoja. Hapo mtazame mdomo. Wa dume hubaki wa manjano, wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye weusiweusi.

Sasa njoo Bagamoyo, Magomeni, kwa shangazi yangu. Bata wetu wengi ni wale wenye vinundu vyekundu usoni, asili yao Amerika ya Kusini, hata kulia hawalii kama wa huku, wanafoka tu. Wa mtaa mzima hushinda kwenye dimbwi moja. Lakini mguse wa shangazi uone! "Huyo mwenye baka jeupe bawa la kushoto ni wangu, yule mwenye utosi mweupe wa mama mwenye duka." Ukibisha, mnakwenda kwa mjumbe.

Kwa hiyo sikubali nikiambiwa watu wa kwetu hawana jicho la ndege. Jicho lipo, ila linamwona bata mwenye mwenyewe. Kwenye majaruba ya mpunga huko Ruvu kuna bata mwitu wa uso mweupe, wanaopiga mluzi wakiruka, dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Ukiwataja, swali la kwanza ni nyama yao ikoje.

Likizo nitabeba darubini nimpeleke shangazi Ruvu. Nimeshamwambia kwa simu, akaniuliza kama kuna posho.